Kioo kwa Tom, Boksi Kwangu

Nyinyi mlionishika mkono sokoni wiki hii mkiniuliza kama Tom alirudi kumchukua mtoto, jibu ni hili: alirudi. Lakini kabla hajarudi nilifanya kosa langu mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na mpaka leo natafuta mtu wa kumlaumu simpati.

Kwa mgeni wa hadithi hii nitaeleza upesi. Naitwa Dorca. Miaka thelathini niliuza samaki hapa Kondele, nikinunua kwenye ufuo wa ziwa pale Dunga asubuhi na mapema, mpaka mwaka jana magugu yalipofunika maji na mashua zikashindwa kutoka. Mwezi wa tatu nilimzika binti yangu Seline. Mwezi wa tisa tukamzika mume wake, Dalmas. Waliacha mtoto mmoja tu, Awuor, msichana wa miaka kumi na mmoja.

Tom ni kaka yake Dalmas, mtoto anamwita Baba Tom. Anakaa Luanda Kotieno, kwenye bichi ya wavuvi, ana pikapu ya kubeba barafu na ana jenereta. Kwa desturi yetu mtoto ni wa upande wa baba, na nyanya mzaa mama ni mtu wa kuambiwa tu. Lakini Bwana Wabwire, naibu wa chifu, alinihurumia. Sehemu iliyopita mlisoma alivyosema mbele ya watu wote:

"Mtoto akae kwanza kwa nyanya yake. Jumamosi nitakuja nimwulize mwenyewe anataka kukaa wapi. Na wewe, Mama, nionyeshe kazi ya kumlisha."

Kazi nilikuwa nayo. Cherehani yangu ilikaa pale barazani, ile ya kukanyaga kwa miguu, nikishona sare za shule tangu samaki waishe. Bwana Wabwire aliizunguka, akazungusha gurudumu lake kidogo kwa kidole, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Hii nimeiona," akasema.

Basi nikabaki na siku sita.

Sasa nieleze habari ya boksi, maana shida yote ilianzia hapo.

Dalmas alikuwa karani wa ofisi ya pamba. Ofisi ilipofungwa aliondoka na kompyuta moja kuukuu. Ndani yake kulikuwa na mchezo: mipira midogo inashuka kutoka juu, myekundu, ya kijani, ya manjano, na wewe unaipanga chini, mitatu ya rangi moja ikikutana inapasuka. Kila jioni baba na mtoto walikaa mbele ya hiyo mipira. Seline alikuwa akinilalamikia kwamba chakula kinapoa.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wanaume wa ukoo walikaa kwa viti, vitu vikawekwa nyasini. Koti kwa huyu. Baiskeli kwa yule. Tom akainuka akakumbatia kioo cha kompyuta.

"Mimi nachukua TV," akasema.

Hakuna aliyemwambia kwamba si TV, kwa sababu hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua. Awuor alijua, lakini nani anamwuliza mtoto siku kama hiyo?

Likabaki lile boksi jeupe, na ule ubao wenye herufi.

"Hii si ni ya kuweka mafaili?" mzee mmoja akasema. "Pea nyanya ya mtoto aweke nguo."

Ndivyo nilivyorudi Kondele na mtoto mkono mmoja na boksi mkono wa pili.

Jumatatu nilikuwa barazani nashona kola ya shati. Nikasikia sauti kutoka ndani. Ti. Ti. Ti. Tuut.

Nikafikiri ni ndege ameingia. Nikachungulia. Awuor alikuwa amechomeka boksi kwenye stima, amekaa chini na miguu imenyooka, vidole kwenye herufi, macho kwenye ukuta mtupu.

"Nyathina, mtoto wangu, unafanya nini?"

"Nacheza, Dani." Dani ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Unacheza nini na hakuna kitu cha kuangalia?"

"Nasikiliza. Ikilia ti, mpira umeshuka. Ikilia tuut, nimeshindwa."

"Na ukishinda inaliaje?"

Akafikiri. "Inalia vizuri. Lakini tangu tuje hapa bado haijalia."

Nikarudi kwa kola yangu. Nilishona ile kola mara mbili, mara zote mbili kinyume.

Kesho yake, akisugua viatu vya shule, akasema kama anayesoma kitabu, "Kwa Baba Tom kuna kioo."

"Eeh."

"Hapa kuna boksi."

"Eeh."

Hakusema ataenda. Hakusema atabaki. Aliendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Lakini mimi niliisikia Jumamosi ikija kama mtu anayetembea na viatu vizito.

Nikaamua. Kabla ya Jumamosi, kioo kitakuwa hapa.

Jioni nikamwuliza kwa mbali, kama mtu asiyejali, "Hicho kioo kilikuwa kinaingia wapi?"

Akanionyesha tundu moja nyuma ya boksi. Alipokwenda kuteka maji nikachukua daftari langu la vipimo vya nguo, nikapiga magoti, nikachora. Tundu lile si moja, ni mengi madogo. Niliyahesabu kwa ncha ya sindano, stima imezimwa. Mistari mitatu, kila mstari vitundu vitano. Kumi na tano. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na tano. Upande wa juu ni mpana kidogo kuliko wa chini, hiyo pia nikaichora.

Alhamisi Awuor akiwa shuleni nikaenda mjini kwa Mwihaki. Huyu ni mama kutoka upande wa kati wa nchi, anauza vitu vilivyotumika maofisini: mashine za chapa, feni, simu. Zamani alikuwa akinunua ngege kwangu kila Ijumaa, wale samaki wa ukubwa wa sahani, na hakuwahi kuniomba nimpunguzie. Ni mtu mzuri. Naandika hivi ili msije mkasema alinidanganya.

"Mama samaki!" akaniita kabla sijavuka mlango. "Umeniletea nini?"

"Leo mimi ndiye mnunuzi. Nataka kioo cha kompyuta."

Akanitazama kama nimesema nataka ndege.

"Wewe? Cha kufanya nini?"

"Cha mchezo. Cha mjukuu."

"Basi umekuja siku mbaya, stima imepotea tangu saa mbili. Lakini ingia tu uone."

Alikuwa na vitatu, vimepangwa chini karibu na mlango. Nikachuchumaa kwa cha kwanza. Nikauvuta mkia wake, ule waya wa nyuma, nikatazama meno yaliyo mwisho. Nikafungua daftari.

"Hiki si chenyewe," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kina meno tisa. Boksi langu linataka kumi na tano."

Mwihaki akachukua daftari, akatazama mchoro wangu, akatazama waya, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Aki Mama! Watu wanakuja hapa na tai, wananunua, kesho wanarudi wanapiga kelele ati haiingii. Hakuna hata mmoja amewahi kuhesabu."

Nikasikia raha. Nakiri. Tangu Seline aondoke sikuwa nimesikia mtu ananisifu kwa lolote, na ile raha ilinipanda kichwani kama pombe.

Vikabaki viwili, vyote vya meno kumi na tano.

Kimoja kilikuwa na mkwaruzo pembeni, mwili umegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, kioo kina ukungu. Cha pili kilikuwa kisafi. Nikaviinua kimoja kimoja. Kile kisafi kilikuwa kizito, kimejaa. Nikakitazama jicho: angavu, nikajiona mimi na kitambaa changu cha kichwa. Nikainama nikanusa nyuma. Cha mkwaruzo kilinuka vumbi lililoungua. Kisafi hakikunuka kitu.

"Mama, unanusa?"

"Ndivyo ninavyonunua."

"Hiyo si samaki. Ngojea stima irudi, tuwashe zote mbili uone. Hiyo safi imetoka benki juzi, hata mimi sijaiona ikiwaka."

"Binti yangu," nikamwambia, "nimechagua ngege miaka thelathini, na hakuna siku moja niliyongoja nimwone akiogelea."

Akacheka tena. Tukacheka wote wawili, pale kwenye giza la duka.

"Lakini huo mchezo, ni wa rangi?"

"Ni wa mipira. Myekundu, ya kijani."

"Basi ngoja, Mama. Hizi za benki, saa nyingine..."

"Rangi ziko ndani ya boksi," nikamkata. "Awuor ameniambia mchezo wote uko ndani ya boksi. Hiki ni dirisha tu. Dirisha halichagui rangi ya nguo ya mtu anayepita nje."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu. Mwihaki akanirudishia daftari langu. Mtu aliyehesabu meno ya waya, utambishia nini?

Na mtoto anatoka shuleni saa kumi. Nilitaka akikute kimeshakaa.

"Utanipa nini?" akauliza.

"Nina cherehani."

Hapo ndipo alipoacha kutabasamu. "Ile ya barazani? Mama, hiyo si ndiyo kazi yako?"

Nilikuwa nimeshaifikiria usiku kucha. Bwana Wabwire ameshaiona. Ameshaiandika. Cherehani imeshatoa ushahidi wake, kilichobaki ni mdomo wa mtoto siku ya Jumamosi. Mtoto akisema nabaki, imekwisha. Redio ilisema kuna mashine inaletwa kutoa magugu ziwani. Nitarudi kwa samaki wangu.

"Magugu yatatoka," nikamjibu.

"Sawa. Ukiona ina shida, rudisha kesho."

Saa nane mkokoteni ulikuja barazani kwangu na kioo ukaondoka na cherehani. Nilifagia pale ilipokuwa imesimama. Miguu yake ilikuwa imeacha alama nne kwenye saruji, nikafagia na hizo, hazikutoka.

Awuor aliingia na begi mgongoni. Akasimama.

"Dani."

"Eeh."

"Hiki umekitoa wapi?"

"Chomeka kwanza."

Akashika mkia wa kioo. Meno yakaingia kwenye matundu, yote kumi na tano, bila kusukuma. Akabonyeza. Jicho likapata mwanga pole pole, kama mtu anayeamka. Maandishi yakaja. Akaandika jina la mchezo, mipira ikaanza kushuka.

Ilikuwa ya kijivu.

Yote. Mmoja kijivu kizito kidogo, mwingine kijivu chepesi kidogo, kama majivu ya jana na majivu ya leo.

"Zitakuja," nikasema. "Kinapata moto kwanza."

Tukangoja. Ti. Ti. Ti.

"Myekundu ni upi?" nikauliza.

"Sijui, Dani."

"Si huu?"

"Labda." Akaupeleka kushoto. Tuut.

"Jaribu ule."

Akajaribu. Tuut. Alijaribu mara saba, nilihesabu. Kisha akaweka mikono mapajani, akanigeukia, akatabasamu.

"Ni kizuri sana, Dani. Maandishi yanaonekana safi."

Afadhali angelia. Hiyo sauti naijua. Ndiyo sauti ya mteja anayesifu kikapu chako kwa sababu ameona samaki wako wamelala tangu jana na anakuonea huruma.

Kisha akatazama nje barazani.

"Cherehani iko wapi?"

"Imeenda kutengenezwa."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Kidogo."

Akaitikia. Akazima boksi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa dukani kabla Mwihaki hajafungua. Nilikibeba kioo kwa baiskeli ya kukodi, nimekifunga kwa leso mbili. Alipoona uso wangu akajua.

"Haina rangi," akasema.

"Haina."

"Za benki. Wao wanataka kuona hesabu tu. Nilitaka kukuambia." Akajipiga paja. "Ile ya mkwaruzo ndiyo ilikuwa ya rangi, Mama. Stima ilirudi saa kumi nikaiwasha. Ilikuwa maridadi!"

"Nipe hiyo, basi. Chukua hiki."

"Imeenda. Mtu wa Migori aliiona ikiwaka, hakutaka hata nifute vumbi."

Nikashika mlango. "Basi nirudishie cherehani yangu."

Akaanza kupanga simu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Cherehani haikulala hapa, Mama. Fundi mmoja wa Ahero alikuwa ananiulizia tangu Krismasi. Nilimpigia simu, akaja na gari jana jioni."

"Jana hiyo hiyo?"

"Jana hiyo hiyo. Nilikuambia ungoje stima."

"Uliniambia."

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia, binti yangu."

Akaniahidi kunitafutia kioo kingine mwezi ujao. Mwezi ujao! Nikakifunga tena kile kioo kwa leso zangu mbili.

Jumamosi saa nne pikapu ikasimama mbele ya nyumba. Bwana Wabwire alishuka kwanza na faili yake. Kisha Tom, amekumbatia kitu kilichofunikwa blanketi, uso umekunjamana.

"Karibuni ndani," nikasema.

"Mimi nitasimama hapa, Mama," akasema Tom. "Kitanda yako iko humo."

Chumba changu ni kimoja, na kitanda kiko nyuma ya pazia. Mwanaume wa upande ule hakanyagi mahali mama mkwe wa ndugu yake analala. Nilimheshimu kwa hilo hata siku ile. Amekuja na hasira yote hiyo, na bado alikumbuka kizingiti.

Basi kila kitu kikafanyika barazani, mbele ya majirani wote wa ploti yetu ya kupanga.

Tom akaweka mzigo chini, akavuta blanketi. Kilikuwa kioo cha Dalmas.

"Mama, mimi nakuheshimu," akaanza. "Lakini uniambie leo. Nani alitoa stesheni kwa TV ya ndugu yangu?"

"Stesheni gani?"

"Mimi nimeita watu! Siku ya mechi, nimeita bichi nzima. Wazee wamekaa mbele, wavuvi wamekaa kwa nyavu, mama wamepika mandazi. Nimewasha jenereta. Nimeweka eriali kwa mti mrefu. Hakuna kitu! Giza! Nikageuza eriali ikaangalia Mbita ng'ambo. Giza! Mtu akaniuliza, Omera, ndugu yangu, hii ni TV ya vipofu? Sasa hata wateja wa barafu wakiniona wanafunga macho, wananipapasa ati ndiyo wananitafuta!"

Mama mmoja wa ploti akaingia ndani kwake mbio, tukamsikia akicheka kwenye mto. Bwana Wabwire akafungua faili na kujificha humo.

Kisha nikasikia kicheko kingine, chembamba, nyuma yangu. Sikuwa nimekisikia tangu mwezi wa tisa. Awuor alikuwa amejishika tumbo.

"Baba Tom! Hiyo si TV! Ni ya kompyuta!"

"Ya nini?"

"Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na boksi. Akatoka tena na waya. Akakibeba kioo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Akachomeka. Akabonyeza.

Jamani, zile rangi.

Sikuwahi kuziona mimi, nilikuwa nikizisikia tu kwa mdomo wa Seline. Nyekundu ya nyanya iliyoiva. Kijani ambacho hata magugu hayana. Mipira ilishuka na vidole vya mtoto vikaenda vyenyewe, kushoto, kulia, chini, hatazami hata herufi. Mitatu ikakutana. Ikapasuka. Na boksi likatoa sauti ndefu inayopanda ngazi, ikipanda, ikipanda.

"Ndiyo hiyo, Dani!" akapiga kelele. "Ndivyo inavyolia!"

Tom alikuwa amechuchumaa. Kofia ilikuwa mkononi.

"Hii ndiyo Dalmas alikuwa anacheza?"

"Eeh. Yeye alikuwa anapenda za manjano. Alikuwa anangoja za manjano mpaka anashindwa."

"Ndivyo alivyokuwa," akasema Tom polepole. "Hata tukiwa wadogo, alikuwa anachagua chagua mpaka chakula inaisha." Akafuta uso kwa kofia.

Hasira ilikuwa imekwisha. Nilimwona mtu tu, aliyefiwa kama mimi. Nikafikiri, sasa tutazungumza. Sasa mambo yatakaa sawa.

Bwana Wabwire akatafuta pa kukaa. Kiti changu kilikuwa pale, cha kushonea. Akakaa, akanyoosha miguu, na miguu ikaenda mbali kuliko alivyotarajia. Akatazama chini. Akaona alama nne kwenye saruji.

"Mama. Cherehani iko wapi?"

"Imeenda kutengenezwa," Awuor akajibu upesi, bila kugeuka.

Lakini mlango ulikuwa wazi, na kile kioo cha benki kilikuwa kimekaa pale pale kwenye mkeka, kisafi, jicho lake linatutazama. Bwana Wabwire akakitazama. Akanitazama.

"Na hicho kingine?"

Naweza kumdanganya mtoto kwa ajili yake mwenyewe. Mbele ya karatasi ya serikali ulimi wangu ulikataa.

"Nilibadilisha," nikasema.

"Ulibadilisha nini na nini?"

"Cherehani, na hicho."

Tom hakucheka. Hakunikejeli. Laiti angenikejeli.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya mimi kuchukua hii?"

Nikauegesha mlango, ingawa wote walikuwa wameshaona.

"Mimi niliandika hapa," Bwana Wabwire akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Niliandika kwa mkono wangu kwamba nyanya ana cherehani, anashona, atamlisha mtoto. Sasa nitaandika nini? Nyanya ana kioo?"

"Magugu yatatoka," nikasema.

"Lini, Mama?"

Majirani wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Kwenye meza mipira ilikuwa inaendelea kushuka, hakuna aliyeishika. Ti. Ti. Ti. Tuut.

"Awuor," Bwana Wabwire akamwita. "Nilisema nitakuuliza wewe. Hakuna mtu atakukasirikia. Unataka kukaa wapi?"

Awuor alisimama kati ya meza na mlango. Alinitazama mimi, halafu akatazama kile kiti, halafu zile alama.

"Nitaenda na Baba Tom," akasema.

Nilishika nguzo ya baraza. Nilikuwa nimejiambia siku zote sita kwamba hata akisema hivyo nitasimama wima. Nilisimama, lakini ni nguzo iliyonishika.

Tom akavuta pumzi. "Sawa. Sawa, mtoto wangu. Kwangu kuna jenereta, utacheza kila siku." Akainama kuchukua boksi.

"Hapana. Boksi libaki kwa Dani."

"Basi nichukue kioo."

"Kioo pia kibaki. Dani hajawahi kuona rangi. Atajifunza. Nikija likizo nitaona amefika wapi."

Tom akaacha mikono ikaning'inia. "Sasa, Awuor, boksi inabaki, kioo inabaki. Wewe unakuja kwangu kufanya nini?"

"Kula, Baba Tom."

Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayetaja jina la kijiji anakokwenda.

"Hata hapa unaweza kula," nikasema. "Jana hukula?"

"Jana wewe hukula, Dani."

Tom akageuka akatazama barabara. Bwana Wabwire akatoa karatasi nyingine, akaiweka juu ya meza karibu na ile mipira inayoshuka, akainyoosha kwa kiganja. Akachomoa kalamu mfukoni.

"Mama, hapa nimeandika kwamba wewe, nyanya wa mtoto, umekubali kwa hiari yako. Bila jina lako haendi popote. Ukikataa, nitarudi tuanze upya, sitakulazimisha. Andika hapa kwenye mstari."

Niliichukua kalamu. Ilikuwa nyepesi mno. Nikaona njia moja tu ya kupata muda, hata kama ni dakika mbili.

"Sioni vizuri," nikasema. "Sina miwani."

"Iko chini ya mto," akasema Awuor.

Akaingia ndani, akapita pazia, akarudi. Akaifuta vioo kwa upindo wa sketi yake ya shule, kimoja, kisha cha pili. Akanivalisha mwenyewe kwa mikono yake miwili, akaziweka ndoano nyuma ya masikio yangu, akarudi nyuma hatua moja kunitazama kama imekaa sawa.

"Sasa unaona, Dani?"

Nilikuwa naona.